Likizo ndefu ya Chicago, na Kiswahili kisibaki mlangoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni watu wa Fizi, Kivu Kusini. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Chicago, na sasa tuko Rogers Park. Nina watoto watatu katika shule za serikali za jiji: kijana wa miaka 14, binti wa miaka 9 na mdogo wa miaka 6. Kazi yangu ni ya usiku, kwa hiyo mchana ndipo ninalala. Shule inafunga katikati ya Juni mpaka Agosti, na mwalimu wa binti yangu ameandika kwamba asome dakika 20 kila siku asije akasahau. Jirani anawapeleka wake kwenye kambi za watoto za kulipia, mimi sina pesa hiyo. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na kuna mtu aliniambia niache kuongea nao Kiswahili nyumbani. Niwafanyie nini miezi hii, wasipotee kwenye simu? – Mama wa watatu, Rogers Park

JIBU: Marahaba, mama. Pole na kazi za usiku.

Nianze na hilo la Kiswahili kwa sababu ndilo lililonichoma. Usiache. Aliyekushauri hivyo sina shaka aliwatakia wanao mema, lakini ushauri wenyewe ni mbovu, na matunda yake nimeyaona darasani: mtoto wa miaka 11 ambaye Kiingereza bado hakijakomaa, Kiswahili kimeshapukutika, na mama yake akitaka kumweleza jambo zito wanabaki kutazamana. Mtoto anayekaa chini kusikiliza hadithi ya sungura na fisi anajifunza kubashiri kitakachofuata, kunusa hila, kukumbuka nani alisema nini na kwa sababu gani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kusoma na kuelewa. Akishaiweza kwa Kiswahili haianzi upya kwa Kiingereza, kilichobaki ni kutafuta maneno. Jim Cummins, mtaalamu wa lugha wa Kanada, alianza kulieleza hili mwishoni mwa miaka ya 1970, na sisi tunaofundisha watoto wenye lugha mbili tunalitumia kila siku.

Sasa hofu ya mwalimu kwamba binti atasahau. Ina asili yake. Mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Karl Alexander na Doris Entwisle, walianza kuwafuatilia watoto wa darasa la kwanza wa shule za jiji la Baltimore, wakaendelea nao mpaka wakawa watu wazima. Walichokiona wakakieleza kwa mfano wa bomba la maji. Shule ikiwa wazi, bomba linatiririka kwa wote, mtoto wa maskini na wa tajiri wanakinga pamoja. Shule ikifungwa, bomba linafungwa, na anayeendelea kunywa ni yule mwenye kisima kwao. Watafiti wa miaka ya karibuni wamerudia hesabu hizo kwa mitihani ya kisasa, na baadhi yao hawakuona pengo likipanuka kiasi kile. Kwa hiyo usikose usingizi kwa hofu kwamba kiangazi kimoja kitamharibu mtoto. Lakini kisima kidogo nyumbani kinafaa, na bei yake si kubwa kama jirani yako anavyodhani.

Kuna utafiti mmoja ambao ningetamani kila mzazi wa mjini aujue. Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliufanya Florida, katika shule 17 za watoto wa familia zenye kipato cha chini. Kila mtoto alipewa vitabu 12 mwanzoni mwa likizo, akaenda navyo nyumbani vikawa vyake. Wakafanya hivyo likizo tatu mfululizo. Hapakuwa na mwalimu, wala mtihani, wala kambi. Baada ya hapo watoto hao walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa, na faida hiyo ilikaribia ile ya mtoto aliyepelekwa shule ya kiangazi. Siri ilikuwa moja: vitabu walichagua wenyewe. Na wengi hawakuchagua vile ambavyo mwalimu angewachagulia, walichukua vya wanamuziki na watu wa filamu.

Basi kwa binti yako, kumi na viwili ndio mwanzo. Achague yeye. Akichagua kitabu cha katuni, ni kitabu. Akitaka kurudia kile alichokisoma mara tatu, mwache arudie, kwa sababu mtoto anayerudia ndiye anayepata mbio na raha ya kusoma. Zamani nilikuwa nawanyang'anya wanafunzi wangu vitabu vya katuni nikiamini nawasaidia. Najuta mpaka leo, kwa sababu wawili kati yao hawakuwahi kushika kitabu kingine kwa hiari darasani mwangu. Kama unataka kupima ugumu wa kitabu, mwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti na akunje kidole kila anapokwama kwenye neno. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu bado kimemzidi. Hata hivyo, ikiwa moyo wake umekipenda, mwachie. Mtoto husukuma mlima kwa ajili ya anachokipenda.

Vitabu vyenyewe viko maktaba, na hapa ndipo ningependa twende polepole, maana ninakutana na akina mama wengi wanaoiogopa maktaba. Wanaogopa deni. Zamani kitabu kikichelewa ulitozwa faini, na familia zikajifunza kukaa mbali. Habari hiyo imepitwa na wakati. Tangu Oktoba 2019 Maktaba ya Umma ya Chicago haitozi faini ya kuchelewesha. Kitabu unakaa nacho wiki 3, na muda huongezwa wenyewe kama hakuna mwingine anayekisubiri. Utadaiwa kikipotea au kikiharibika kabisa, basi. Kwa hiyo tafuta mfuko mmoja wa kitambaa, uuning'inize mlangoni, na kila kitabu cha maktaba kilale humo. Hiyo ndiyo sheria pekee ya vitabu ambayo ningeiweka nyumbani kwako.

Maktaba hii ina vituo zaidi ya 75 mjini. Cha kwenu kiko Clark Street, hapo hapo Rogers Park. Kila kiangazi huendesha shindano la bure la watoto kuanzia wachanga hadi miaka 13, lenye maneno matatu: soma, gundua, unda. Mtoto anaandika anachosoma, anafanya jaribio au anatembelea mahali, anatengeneza kitu kwa mikono yake, kisha anapewa zawadi. Mwandikishe binti na huyo mdogo pia. Dakika za kusoma Kiswahili ziandikwe pamoja na za Kiingereza. Katika miaka yangu yote sijaona mkutubi aliyezikataa.

Na kuna sababu nyingine ya kuipenda maktaba, ambayo haihusu kusoma. Joto la Chicago wageni hulidharau, kwa kuwa wameambiwa habari za theluji tu. Julai 1995 joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700 katika jiji hili, wengi wao wakiwa peke yao ndani ya vyumba visivyo na hewa. Maktaba zina kiyoyozi, na siku za joto kali jiji linazitumia kama mahali pa watu kupoa. Siku ambayo nyumba inachemka na wewe unahitaji kulala, kijana awachukue wadogo zake wakakae huko mpaka alasiri. Hakuna atakayewauliza wamenunua nini.

Sasa dakika 20 na wewe uliyetoka kazini macho mekundu. Hapa wazazi wasiojua Kiingereza hukata tamaa bure. Huna haja ya kumsomea. Akae karibu nawe asubuhi ukinywa chai kabla hujalala, asome kimya au kwa sauti, kisha akusimulie kwa Kiswahili. Muulize: Nani huyo? Alitaka nini? Nini kilimzuia? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Maswali hayo manne yanatosha mwaka mzima. Kumbuka mtoto hawezi kukutafsiria jambo ambalo hakulielewa, kwa hiyo akianza kuumauma maneno utajua amepita juu juu, hata kama wewe hujui herufi moja ya kitabu chenyewe. Yule wa miaka 6 asomewe na dada yake. Binti atajiona mwalimu, na sauti yake itanyooka, kwa sababu anayemsomea mdogo hujitahidi asikosee.

Usiku ambao huna kazi, zima taa kubwa, ita "Paukwa!" nao wajibu "Pakawa!", au vyovyote mlivyoitana huko Fizi. Simulia ulizosimuliwa. Kama zimekuponyoka, simulia jinsi ulivyoishi: safari ya mashua, foleni ya maji kambini, siku mlipopewa tarehe ya ndege. Kijana wa miaka 14 apewe daftari aandike. Aandike kwa Kiswahili ukurasa wa kushoto na kwa Kiingereza ukurasa wa kulia. Hilo si zoezi la kupitisha muda. Sheria ya Illinois ya mwaka 2013 iliweka muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha mwanafunzi anayemaliza sekondari akiwa ameonyesha umahiri wa Kiingereza na wa lugha nyingine, na vyuo vikuu vya umma vya jimbo huutambua. Lugha aliyozaliwa nayo inaweza kumfungulia mlango ambao wenzake wanaulipia kozi. Akiingia sekondari mwezi Agosti, amuulize mshauri wa shule mapema kuhusu mtihani wa Kiswahili, asingoje mwaka wa mwisho.

Umeitaja simu kama adui. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila kwa familia inayotafuta vitabu vya Kiswahili Marekani, simu ndiyo duka la vitabu, kwa sababu kwenye rafu utapata vichache sana. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, bure, zenye picha, na unaruhusiwa kuzichapisha. StoryWeaver wa India nao wana rafu ya Kiswahili. Storybooks Canada wamechukua hadithi 40 za Kiafrika wakaziweka kwa lugha nyingi, na mtoto anaweza kuhama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza katika hadithi ile ile. Kwa huyo wa miaka 6, hiyo ni sawa na kupewa mwalimu wa tafsiri. Ubongo Kids, vipindi vya katuni vilivyoanzia Tanzania mwaka 2014, vinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kitamu. Siwezi kukuambia utaizuia simu siku nzima ukiwa umelala. Ninachokuambia ni kwamba kati ya kitu na kitu ndani ya simu kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo unaweza kuiamua wewe kabla hujalala.

Kijana wako tumwangalie peke yake. Miaka 14 ndio umri ambao jiji linaanza kumlipa. One Summer Chicago inawapa vijana wa miaka 14 hadi 24 kazi za kiangazi, na After School Matters ina mafunzo ya sanaa, michezo, teknolojia na mawasiliano kwa wanafunzi wa sekondari, wakilipwa posho kidogo. Maombi hufanywa tangu majira ya machipuko, kwa hiyo kwa mwaka huu huenda nafasi nyingi zimekwisha. Aombe hivyo hivyo, wapo wanaojitoa. Akikosa, uandike kwenye kalenda ya mwaka ujao kuanzia mwezi Machi. Kuna pia YOUmedia, chumba cha vijana ndani ya maktaba kuu ya Harold Washington, kilichofunguliwa mwaka 2009, ambako wanajifunza kurekodi muziki, kuchora na kutengeneza video bila kulipa. Anapanda treni ya Red Line hapo Morse au Loyola, anashuka Jackson, anatembea hatua chache.

Nina neno moja juu yake, na nivumilie. Kwa kuwa unalala mchana, mzigo wa wadogo utamwangukia yeye. Kwetu mtoto mkubwa kulea wadogo ni jambo la kawaida na si la aibu. Ila asilee siku zote saba. Mpe alasiri mbili au tatu kila wiki ambazo ni zake, ukishaamka. Vijana niliowaona wakichukia nyumbani ni wale ambao kiangazi chote kilikuwa cha wadogo zao.

Kambi. Idara ya bustani za jiji, Chicago Park District, ina kambi ya mchana ya wiki 6 kwa watoto wenye miaka 6 hadi 12, bei yake ni chini sana ya zile za jirani, na familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba kupunguziwa. Nafasi hujaa siku ile ile usajili unapofunguliwa wakati wa machipuko. Nenda Loyola Park au Warren Park, waombe wawaandike watoto kwenye orodha ya kusubiri, na uulize kuhusu mafunzo ya bei ndogo ya saa moja moja. Mabwawa ya nje ya kuogelea ya idara hiyo hayana kiingilio.

Na ziwa. Nyinyi ni watu wa Tanganyika, najua hamuogopi maji, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Ziwa Michigan lina tabia zake. Mwezi Juni maji bado ni ya baridi ya kukata pumzi, na kandokando ya kuta za zege kuna mikondo inayomvuta hata muogeleaji mzuri. Waokoaji wapo ufukweni kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni, tangu mwishoni mwa Mei mpaka mwanzo wa Septemba. Bendera ya kijani, ingieni. Ya njano, kwa tahadhari. Nyekundu, hakuna kugusa maji hata kama jua linawaka na wengine wamo. Wafundishe wote watatu wakukaririe. Mkishajua hayo, ufukwe wa Loyola ni wenu bure kiangazi kizima. Chimbeni mashimo 32 mchangani, safu 4 za mashimo 8, okoteni kokoto 64, mcheze bao. Hesabu anayoifanya mtoto akiwaza kete zake zitaishia wapi ni hesabu nzuri kuliko ile ya vitabu vya mazoezi wanavyouza madukani. Na kama baba au mjomba yupo, watoto wanaweza kuvua samaki: Illinois haidai leseni kwa aliye chini ya miaka 16. Hawatapata ndagala wala mikebuka, ila watapata cha kusimulia.

Kuna safari moja ambayo ningeomba usiikose kiangazi hiki, nayo ni jumba la Field Museum. Kila mtu atakuambia habari za dinosau, sawa, mtamwona. Lakini mwulize mlinzi walipo simba wa Tsavo. Ni simba wawili dume wasio na manyoya ya shingoni, walioua wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli huko Kenya mwaka 1898. Aliyewaua, John Henry Patterson, aliuza ngozi zao kwa jumba hili miaka ya 1920, na hapo ndipo walipo mpaka sasa. Nimewapeleka watoto wa Kiswahili pale mara nyingi, na mara zote hutokea jambo lile lile: mtoto aliyekuwa kimya darasani anaanza kuwaeleza wenzake Tsavo ni wapi. Jumba lina siku za bure kwa wakazi wa Illinois, miaka ya karibuni mara nyingi Jumatano, na makumbusho mengi mjini hupunguza kiingilio kwa mwenye kadi ya Link, ile ya msaada wa chakula. Angalia tarehe kwanza, mkutubi atakusaidia. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park haina kiingilio siku yoyote. Kwenye mabasi na treni za jiji mdogo wa miaka 6 hapandi kwa nauli, na binti analipa nauli ya mtoto.

Chakula nacho, kwa sababu shule ikifungwa friji ndiyo inayolia. Shule kadhaa za jiji hugawa chakula cha mchana bure nje ya majengo yao kiangazi, kwa yeyote kati ya miaka 1 na 18, bila kuulizwa karatasi wala shule anayosoma. Huitwa LunchStop. Na kuna pesa ya serikali ya chakula cha kiangazi, Summer EBT, dola 120 kwa kila mtoto anayestahili. Wenye Link mara nyingi huwekewa wenyewe bila kuomba, hivyo fungua kila bahasha inayokuja mwezi Mei na Juni, na hakikisha shule ina anwani yenu mpya.

Jumamosi hii, ukishaamka, nendeni wote wanne maktaba ya Clark Street. Chukua kitambulisho chako na barua yoyote yenye jina lako na anwani, hata bili ya umeme. Namba ya Social Security haihitajiki. Mwache binti azungumze kwa mkutubi, aseme tu kwamba wanataka kadi tatu na wanataka kuingia kwenye shindano la kiangazi. Wewe simama nyuma yake. Kisha kaeni saa nzima kwenye vyumba vya watoto, kila mmoja achague vyake, na yule mdogo msimharakishe hata akibeba vitabu sita vya magari ya zimamoto.